Kuinua Gari kwa Kiinua Mgongo

Askari anapomaliza utumishi wake na kukabidhiwa kiinua mgongo, washauri humjia bila ya kuitwa. Huyu atamwambia anunue ng'ombe wa maziwa, yule atamsifia kinu cha kusagia mahindi, na wa tatu atataka akopeshwe. Sajini mmoja wa jeshi la Uganda, aliyestaafu na kurudi kwao katika miteremko ya Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, hakuwasikiliza sana. Tangu alipokuwa kambini alikwisha kuona kwamba kabichi za kwao huozea shambani na kahawa yao hununuliwa mlangoni kwa bei ya mlanguzi, kwa sababu moja tu: hapana chombo cha kuziteremsha hadi Mbale. Kwa hiyo alinunua Toyota Hilux ya mwaka 1994, pikapu ya dizeli inayovuta kwa magurudumu yote manne. Lilikuwa gari la umri mkubwa, lakini mifupa yake ilikuwa mizima.

Kasoro yake ilidhihirika wakati wa mvua za Aprili. Malori yanayopanda mlimani huchimba mifereji miwili katika udongo mwekundu, na katikati hubaki tuta. Gari dogo likiingia katika mifereji hiyo magurudumu huzama, na lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli, ambalo mafundi huliita difu, hukalia tuta kama kuku aatamiaye mayai. Magurudumu huzunguka bure na gari halitoki. Mara tatu katika mwezi mmoja ilibidi Hilux ivutwe kwa kamba na vijana wa njiani, na vijana wa njiani hawavuti bure. Mara ya tatu gari lilikuwa limembeba mama mjamzito aliyekuwa akikimbizwa hospitali. Alijifungua salama, lakini alijifungulia katika nyumba ya watu asiowajua, kwa mwanga wa koroboi.

Baada ya usiku ule sajini aliazimia kuliinua gari lake. Alikwenda Kampala, na katika duka moja la vipuri akaonyeshwa seti ya kuinulia inchi 4: springi nne, shokomzoba nne, na mfuko wa bushi na bolti. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya seti za kampuni za Australia zenye sifa, kama vile Old Man Emu. Muuzaji alimhakikishia kwamba gari likiinuliwa inchi 4 litapita juu ya matuta yote ya Uganda. Sajini alirudi nyumbani na karatasi ya bei mfukoni na uso wa mtu aliyekwisha kuamua.

Mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye mwenye kushika daftari la hesabu za nyumba. Aliisoma ile karatasi mara mbili, kisha akauliza, "Baba watoto, seti hii inainua kitu gani?"

"Inainua gari."

"Hata lile bonge linalokalia tuta?"

Sajini, ambaye alikuwa ameendesha magari ya jeshi kwa miaka mingi, alinyamaza. Kisha akachukua tochi, akatoka nje, akalala chali chini ya gari. Aliporudi hakuwa na la kusema, ila aliiomba ile karatasi aitazame tena.

Swali la mwalimu lilikuwa limegonga ndipo. Katika gari la namna hii ekseli hukaa juu ya magurudumu, springi hukaa juu ya ekseli, na chesesi pamoja na bodi hukaa juu ya springi. Springi mpya, ziwe ndefu kiasi gani, huinua kilicho juu yake tu. Difu hubaki pale pale ilipokuwa. Kitu pekee kinachoweza kuinua difu ni tairi kubwa zaidi, na hilo nalo huinua nusu ya kile kilichoongezeka, kwa sababu ekseli hupita katikati ya gurudumu: tairi lililozidi kipenyo kwa inchi 2 litaipandisha difu inchi 1. Muuzaji hakusema uongo aliposema kwamba gari litapanda. Alinyamaza tu juu ya sehemu ambayo haitapanda, na sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkwamisha mteja wake.

Haimaanishi kwamba kuinua ni kazi bure. Springi zilizopanda huacha nafasi ya tairi kubwa kuingia bila ya kukwaruza bodi. Huondoa bamba la mbele na bomba la moshi katika hatari ya kugonga ukingo gari linapoanza kupanda. Zaidi ya hayo huyapa magurudumu nafasi ya kushuka na kupanda, kila moja kwa wakati wake, ili gari lisisimame kwa miguu mitatu kama meza mbovu. Na nafasi hii ya mwendo ina faida kuliko kimo chenyewe. Wazee waliofuata mashindano ya Safari Rally wanakumbuka kwamba mwaka 1975 ushindi ulikwenda kwa Peugeot 504, gari ambalo halikuwa refu hata kidogo. Lilikuwa na springi laini zenye mwendo mrefu, na magurudumu yake yaliifuata ardhi badala ya kurukaruka juu yake.

Jumamosi iliyofuata mume na mke walifanya jambo ambalo kila mwenye gari kuukuu angepaswa kulifanya kabla ya kufungua mkoba. Walilisimamisha gari tupu mahali tambarare, wakachukua utepe wa kushonea nguo, wakapima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Kisha wakaomba ruhusa kupima Hilux nyingine ya umbo lile lile, mali ya zahanati ya jirani, ambayo springi zake zilikuwa zimebadilishwa karibuni. Gari la sajini lilikuwa limeshuka inchi 1 nyuma upande wa kulia, na inchi 1 na nusu upande wa kushoto. Mabamba ya chuma ya springi huchoka kwa kubeba, huanza kunyooka, na kila mwaka huiba kidogo. Sehemu kubwa ya kimo alichokuwa akikitamani sajini ilikuwa mali yake tangu zamani, imelala tu katika springi zilizochoka.

Habari za mpango huu zilienea, na kila mtu alikuwa na njia yake ya mkato. Kijana mmoja mwenye karakana ya kuchomelea vyuma alitaka kutengeneza vyuma virefu vya kuning'iniza ncha za springi kwenye chesesi. Njia hii ni rahisi kwa bei, lakini chuma kikiongezwa inchi 2 gari hupanda kama inchi 1 tu, kwa kuwa ni ncha moja ya springi iliyoshushwa na ile nyingine imebaki mahali pake. Mbele ubaya wake ni mkubwa zaidi: ekseli huinama kutoka katika pembe yake ya asili, na usukani unaweza kupoteza ile tabia ya kujirudisha wenyewe katikati baada ya kona. Dereva hubaki akilisahihisha gari njia nzima kama mchungaji mwenye mbuzi mkaidi. Mwingine alishauri mabamba ya zamani yatiwe motoni na kupindwa upya. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa kuchomwa na kupozwa kwa vipimo. Kikipashwa moto ovyo hupoteza ugumu huo, na baada ya misafara michache hulala tena, au huvunjika. Kuna pia wanaopachika vipande vya chuma baina ya ekseli na springi. Nyuma jambo hili huvumilika kama kipande ni kifupi na kimetengenezwa vizuri. Mbele, penye magurudumu ya usukani, lisifanywe kabisa.

Ushauri wa kuongeza bamba moja katika springi za nyuma ulikuwa na akili kuliko mwingine wote, na kwa mtu asiye na fedha ndio wa kufikiriwa kwanza, mradi mabamba yaliyopo hayajachoka. Ya sajini yalikuwa yamechoka. Bamba jipya kati ya wazee lingebeba mzigo wa wote, kisha lingekatika.

Kuhusu inchi 4 zenyewe, mwalimu alikuwa na hofu nyingine, nayo ilitoka katika barabara yenyewe. Njia za Masaba zimechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja kuna ukuta wa udongo, upande wa pili kuna bonde. Gari huenda limeinama kwa ubavu, na mvua ikishanyesha huteleza huku limeinama. Hesabu ya jambo hili si ngumu. Tuseme umbali baina ya gurudumu la kushoto na la kulia ni sentimita 140, na kitovu cha uzito wa gari pamoja na shehena yake kiko sentimita 70 kutoka ardhini. Gari la namna hiyo likisimama tu, litapinduka mteremko wa ubavu ukifikia nyuzi 45. Kitovu kikipandishwa hadi sentimita 80, pembe hiyo hushuka hadi nyuzi 41. Nyuzi nne huonekana chache kwenye karatasi. Lakini hilo ni gari lililosimama. Liingize katika kona, gurudumu moja likanyage jiwe, magunia yasogee upande mmoja, na kila jambo litadai sehemu yake katika akiba iliyobaki. Wanaolijua vizuri hili ni askari polisi wanaokaa kwenye mabenchi ya pikapu za doria, kwa kuwa miili yao wenyewe ndiyo shehena iliyowekwa juu.

Kulikuwa pia na mambo madogo ambayo hayaandikwi katika karatasi ya bei. Mama mzazi wa sajini, mwenye magoti mabovu, alikuwa tayari akipanda garini kwa kusukumwa. Na kila gunia la kilo 60 hupandishwa kwa mabega ya watu. Pikapu ikipanda inchi 4, mabega yale yatainua inchi 4 zaidi, gunia baada ya gunia, msimu mzima.

Aliyelimaliza shauri alikuwa fundi mzee, ambaye zamani alifanya kazi katika karakana ya magari ya jeshi. Aliingia chini ya gari, akagusa fimbo nyembamba ya chuma iliyounganisha ekseli ya nyuma na kifaa kidogo kilichofungwa kwenye chesesi, akauliza, "Afande, huyo muuzaji alikueleza habari ya hiki?"

Muuzaji hakueleza. Kifaa hicho ni vali ya breki za nyuma, nacho hupatikana katika Hilux nyingi na pikapu nyingine za kubebea mizigo. Kazi yake ni kupima uzito. Pikapu ikiwa tupu, bodi hukaa juu, fimbo hushuka, na vali hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu mepesi yasijifunge na kuliyumbisha gari. Pikapu ikipakiwa, bodi hushuka, fimbo husukumwa, na breki za nyuma huruhusiwa kufanya kazi kwa nguvu zake zote. Sasa gari likiinuliwa kwa springi, na fimbo ikaachwa kama ilivyokuwa, vali hudhani kwamba gari ni tupu siku zote. Magunia 12 ya kahawa, yaani kilo 720, yatakuwa nyuma; mteremko wa kwenda Mbale utakuwa mbele; na breki za nyuma zitakuwa zimelegezwa na kifaa kilichodanganywa. Breki za mbele zitabeba kazi ya wote mpaka zishike moto. Mtu anaweza kuliendesha gari hilo miezi mingi katika tambarare asitambue lolote.

Dawa yake si ghali. Ni kipande cha chuma cha kuipandisha ncha ya fimbo pale inaposhika ekseli, kwa kiasi kile kile gari lilichoinuliwa, kisha kuirekebisha na kuijaribu gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Lakini kipande hicho hakikuwamo katika seti ya bei nafuu, wala mipira mirefu ya breki haikuwamo. Mipira hii nayo ina hila yake: gari likiwa limesimama huonekana inatosha, kumbe gurudumu likining'inia shimoni huvutwa kama kamba ya upinde. Fundi huipima kwa kuinua chesesi kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie, na kugeuza usukani kulia na kushoto mpaka mwisho. Huo ndio wakati wa kuangalia pia kama shokomzoba ni ndefu ya kutosha, maana iliyo fupi hung'olewa na gurudumu linaposhuka. Kwa inchi 4 kuna jambo la kuongeza: propela shafti hulala kwa pembe kali zaidi, hutetemeka, na krosi zake huliwa upesi.

Usiku huo mwalimu alichora mistari miwili katika daftari. Upande mmoja aliandika inchi 4, na chini yake bei ya seti, mipira ya breki, kipande cha vali, kazi ya propela shafti, na ngazi ya kupandia bibi. Upande wa pili aliandika inchi 2: seti ya kampuni yenye sifa, kipande kifupi cha vali, mipira ikibidi. Jumla zilikaribiana kiasi cha kumfanya sajini acheke peke yake. Seti rahisi ilikuwa rahisi kwa sababu nusu yake ilikuwa imeachwa nje ya boksi.

Walichukua inchi 2. Swali lililobaki lilikuwa la uzito, na hapa wanunuzi wengi hujiumiza kwa kutaka springi ngumu kupita zote, wakidhani ugumu ni uimara. Seti hizi huuzwa kwa daraja za mzigo: mwepesi, wa wastani, na mzito. Hilux ya sajini hushuka imejaa, lakini hupanda ikiwa na chumvi, sabuni na mafuta ya taa ya maduka ya juu, pengine hata tupu. Springi za mzigo mzito zingeufanya mkia uruke wakati wa kupanda, na gurudumu linaloruka haliwezi kuvuta katika matope. Walichagua za wastani, na sajini akajiwekea sharti la magunia 12, wala gunia la kumi na tatu halipandi hata mwenyewe akilia.

Fedha zilizosalia zilitosha matairi manne ya 7.50R16 badala ya yale ya 205R16, baada ya fundi kuhakikisha kwamba ringi zinayafaa na kwamba hayagusi kitu usukani ukigeuzwa mpaka mwisho. Ni membamba na marefu, yenye meno ya matope, na yanapatikana kila mji wa Afrika Mashariki. Yaliipandisha difu karibu sentimita 3. Tangu hapo mita ya mwendo husema kidogo kuliko ukweli: ikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari huwa linakaribia 87, na dereva wa polisi atakayelisimamisha hatakubali mita kuwa shahidi. Pamoja na hayo sajini aliweka jembe nyuma ya kiti. Mahali tuta lilipo refu mno hushuka, hulilima kwa dakika kumi, na kupita. Ikiwa lazima mtu aseme ni chombo gani kilichoongeza nafasi kubwa zaidi chini ya difu ile kwa bei ndogo zaidi, ni hilo jembe.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Fundi mzee hakukubali kurudisha zile bolti za umbo la herufi U zinazofunga springi kwenye ekseli. Bolti hizo hunyooka zinapokazwa, na zikishatumika mara moja hazikazi tena kama mwanzo. Bolti za bushi hakuzikaza mpaka gari liliposhuka kutoka kwenye jeki na kusimama kwa uzito wake, kwani bushi iliyokazwa gurudumu likiwa linaning'inia hubaki imesokotwa na kuchanika mapema. Alimwagiza sajini arudi baada ya kilomita 500 ili kila kitu kikazwe upya, kwa sababu springi mpya hutulia na bolti hulegea. Mwalimu aliiandika namba ya kilomita katika daftari, chini ya karo ya mtoto wa pili.

Taa zilikuwa za mwisho. Gari lililopanda huwamulika machoni wanaokuja, na hilo ni jambo linalosahauliwa karibu na kila mtu. Jioni moja sajini aliliegesha gari mbele ya ukuta wa shule, mkewe akachora mstari kwa chaki mahali palipopimwa na fundi, na taa zikashushwa kidogo kidogo kwa bisibisi mpaka mwanga wa yote mawili ukakaa chini ya chaki.